Mpigaji wa Futiboli ya Kimarekani, Kutoka Chuo Hadi Uwanja wa Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili waliokutana na mchezo huu kwenye runinga, na hasa wa wazazi walioko Marekani ambao kijana wao wa soka ameitwa na kocha wa futiboli wa shule kwa sababu ana mguu mzito. Anayeujua mchezo tayari aruke sehemu ya kwanza.

## Mambo ya msingi

Mpigaji kazi yake ni kupiga tu?

Ndiyo, ni kupiga tu. Kila timu ina mtu mmoja ambaye hakabi, hapokei pasi, wala hakimbii na mpira. Anaingia uwanjani mara chache, anapiga mpira uliosimamishwa chini, anarudi benchi. Mapigo yake ni ya aina tatu: goli la teke, ambalo ni pointi 3, pointi ya nyongeza baada ya tachidauni (kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa kufungia wa wapinzani), ambayo ni 1, na teke la kuanzisha mchezo. Yule anayeudondosha mpira kutoka mikononi na kuupiga mbali ili kuwarudisha wapinzani nyuma ni mtu mwingine, ingawa katika vyuo vidogo kazi zote huweza kumwangukia mmoja.

Uchache wa dakika zake usikudanganye. Mtu aliyefunga pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, ni mpigaji, Adam Vinatieri, mwenye pointi 2,673 katika misimu 24.

Goli lenyewe lina ukubwa gani?

Chuoni na NFL nafasi kati ya nguzo ni mita 5.64, na mtambaa panya uko mita 3.05 kutoka ardhini. Mpira unatakiwa upite juu ya mtambaa panya, katikati ya nguzo. Kijana wa soka amezoea goli la mita 7.32 na makocha waliomwambia miaka yote ashushe shuti. Hapa anaambiwa kinyume chake.

Goli la sekondari ni pana zaidi, mita 7.11. Kwa hiyo anayehamia chuo anapoteza karibu mita moja na nusu ya upana kwa mkupuo. Wapo mashujaa wengi wa sekondari walioishia hapo.

Kwa nini wanasema teke ni la yadi 40 wakati mpira ulikuwa kwenye mstari wa yadi 23?

Kwa sababu goli liko yadi 10 nyuma ya mstari wa kufungia, na mpira hurushwa nyuma yadi 7 hivi kabla ya kupigwa. Chukua mstari wa kuanzia, jumlisha 17. Yadi moja ni sentimita 91, kwa hiyo yadi 40 ni mita 36 na nusu.

Nani wengine wanahusika na teke moja?

Wawili wa karibu kabisa ni mrushaji, anayeupitisha mpira katikati ya miguu yake, na mshika mpira, anayeupokea akiwa amepiga goti, anausimamisha na kuuzungusha ili kamba zake zielekee golini. Tangu mpira uondoke kwa mrushaji hadi uguswe na mguu ni takriban sekunde 1.3. Zaidi ya hapo, mikono ya wapinzani imeshafika.

Mpigaji huanza kukimbia kabla mpira haujasimamishwa. Anaamini tu kwamba utakuwepo. Ndiyo maana teke likipotea, tazama kwanza marudio ya mikono ya mshika mpira kabla ya kumtukana mpigaji. Watangazaji wengi hawafanyi hivyo.

Kwa nini wote wanaujia mpira kwa pembeni, kama kwenye soka?

Zamani haikuwa hivyo. Mpaka miaka ya 1960 wapigaji waliujia mpira moja kwa moja na kuupiga kwa ncha ya kiatu, na wengine walivaa kiatu chenye pua bapa kwa kazi hiyo. Lou Groza wa Cleveland Browns, ambaye tuzo ya mpigaji bora wa chuo imepewa jina lake, alipiga hivyo.

Aliyegeuza mambo ni Pete Gogolak, kijana wa Hungaria ambaye familia yake iliikimbia nchi baada ya mapinduzi ya 1956 kushindwa. Alipiga kwa staili ya soka akiwa chuo cha Cornell, na mwaka 1964 akaingia Buffalo Bills. Mguu ukija kwa pembeni unagusa mpira kwa mfupa mpana wa juu, pale kamba za njumu zinapopita, na nyonga inaongeza nguvu. Mpigaji wa mwisho wa staili ya kale katika NFL, Mark Moseley, alistaafu mwaka 1986, miaka minne baada ya kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima.

## Chuoni

Kijana asiyewahi kucheza futiboli anaweza kuanzia chuoni?

Anaweza, na hii ni mojawapo ya nafasi chache uwanjani ambazo jibu hilo ni la kweli. Jan Stenerud alitoka Norway kwenda Montana State kwa ufadhili wa kuruka kwa skii, akaonekana akipiga mpira, na mwaka 1991 akawa mpigaji wa kwanza asiye na kazi nyingine uwanjani kuingia katika Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo.

Kwa Waafrika mfano ulio karibu ni wa Wanigeria wawili wa chuo cha Clemson. Obed Ariri alifika pale kwa ajili ya soka, akaondoka na rekodi ya chuo ya magoli 63 ya teke. Donald Igwebuike akafuata njia hiyo hiyo na alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 1981. Mwisho wa hadithi yao unauma kidogo: Ariri alikuwa mpigaji wa Tampa Bay Buccaneers mwaka 1984, na mwaka uliofuata nafasi hiyo ikachukuliwa na Igwebuike. Timu hubeba mpigaji mmoja. Hata mtu wa chuo chako, wa nchi yako, akija, mmoja anafunga mizigo.

Vyuo vinatoa ufadhili kwa wapigaji?

Vinatoa, lakini kwa mkono mzito. Ngazi ya juu ya chuo ina timu zaidi ya 130, na kwa miaka mingi kila moja iliruhusiwa ufadhili 85 tu. Kocha aliyebanwa hivyo alipenda kumpa mkimbiaji kwanza, mpigaji aje bila ufadhili athibitishe, kisha apewe mwaka wa pili au wa tatu. Tangu 2025, baada ya makubaliano ya mahakamani, vyuo vilivyojiunga na mpango huo vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini badala ya kikomo cha ufadhili. Hiyo inakata pande mbili: chuo kinaweza kumfadhili yeyote aliyemo, lakini nafasi za watu wa kuja kujaribu bahati zimepungua.

Ushauri wangu kwa mzazi: chuo chenye mpigaji wa mwaka wa nne ni bora kuliko chuo maarufu chenye mpigaji wa mwaka wa kwanza. Tazama orodha ya kikosi kabla ya kutazama jina la chuo.

Video ya kumtumia kocha iweje?

Watu hukosea sana hapa. Kijana anatuma sekunde 30 za muziki na teke moja la yadi 60 lililopigwa na upepo mgongoni, mpira ukiwa juu ya kibao (kishikizo kidogo cha kuuinua kutoka ardhini), hakuna mtu mbele yake. Kocha anaifunga.

Anachotaka kuona ni mfululizo usiokatwa: mateke kumi hivi kutoka umbali na pembe tofauti, kamera ikiwa nyuma ya mpigaji ili njia ya mpira ionekane, yaliyokosa yakiwemo. Mpira uwe chini kwenye nyasi, kwa sababu chuo kilipiga marufuku kibao kwa magoli ya teke mwaka 1989. Sekondari bado wanaruhusu kibao cha hadi sentimita 5. Ikiwezekana kuwe na mrushaji na mshika mpira, ili muda wa sekunde 1.3 ulioelezwa hapo juu upimike. Kisha mateke machache ya kuanzisha mchezo, yakionyesha mpira unakaa hewani muda gani.

Mguu mrefu unapendeza mtandaoni. Kazi hupewa anayefunga la yadi 35 siku ya mvua kama alivyolifunga mazoezini.

Kwa nini magoli mafupi ya chuo nayo hukoswa?

Sababu mojawapo ni pembe. Mchezo ukiishia pembeni, mpira hurudishwa kwenye alama za ndani ya uwanja, na alama hizo chuoni zimeachana mita 12.2, wakati NFL zimeachana mita 5.64 tu, sawa na upana wa goli. Kwa hiyo mpigaji wa NFL anakaribia kupiga moja kwa moja kila mara, na wa chuo analitazama goli kwa ubavu. Kadiri teke linavyokuwa fupi ndivyo pembe inavyokuwa kali.

Anaweza kucheza miaka mingapi chuoni?

Kanuni ya muda mrefu ni misimu minne ndani ya miaka mitano. Tangu 2018 mchezaji aliyeingia katika mechi zisizozidi nne anaweza kuhesabiwa kuwa hakucheza msimu ule, jambo linalowafaa wapigaji wanaosubiri zamu. Kuhama chuo nako kumekuwa rahisi kuliko zamani, na wapigaji wanahama kwa sababu ile ile iliyowaondoa Ariri na wenzake: kiti ni kimoja.

Mwanafunzi wa kigeni anaweza kulipwa kwa matangazo?

Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa kutumia jina na sura zao. Ruhusa hiyo ni ya michezo, si ya uhamiaji. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hana uhuru wa kufanya kazi nje ya chuo bila kibali, na mkataba wa tangazo unaweza kuonekana kuwa ni kazi. Asisaini kitu, hata cha kupewa viatu, kabla ya kupita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chake na kupata wakili wa uhamiaji. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia, wakiwemo vijana wengi waliokuja na familia kama wakimbizi, hana kizuizi hiki.

Akishinda tuzo ya Lou Groza, NFL imehakikishwa?

Haijahakikishwa. Tuzo hiyo ilianza 1992. Sebastian Janikowski wa Florida State aliitwaa mara mbili, akachaguliwa wa 17 katika drafti (zamu ya timu za NFL kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuo) ya mwaka 2000, akadumu. Roberto Aguayo, wa chuo hicho hicho, aliitwaa 2013 na hakukosa hata pointi moja ya nyongeza chuoni, 198 kwa 198. Tampa Bay walimchukua raundi ya pili mwaka 2016, heshima ambayo wapigaji karibu hawaipati. Msimu wa kwanza akakosa magoli 9 kati ya 31, na kabla ya msimu wa pili kuanza aliachwa. Linganisha na waliopita njia ya uwanja wa ndani, sehemu inayofuata.

## Uwanja wa ndani

Futiboli ya ndani ni kitu gani?

Ni mchezo huo huo uliobanwa ndani ya uwanja wa hoki ya barafu au mpira wa kikapu. Jim Foster alipata wazo hilo mwaka 1981 akitazama soka ya ndani pale Madison Square Garden, akalichora kwenye bahasha, na ligi ya Arena ikaanza 1987 na timu nne. Uwanja una urefu wa yadi 50, wachezaji ni wanane kila upande, kuta za pembeni zimefunikwa magodoro, na mashabiki wa mbele wanaweza kuangukiwa na mchezaji mapajani. Msimu ni masika hadi kiangazi, futiboli ya nje ikiwa imelala.

Kwa mpigaji kuna habari moja kubwa: hakuna kupiga mpira mbali ili kuusalimisha. Timu iliyokwama kwenye jaribio la nne, yaani la mwisho kabla ya kuupoteza mpira, itajaribu kusonga au itamwita yeye. Kwa hiyo anaitwa hata pale ambapo kocha wa nje asingethubutu.

Hakuna upepo wala mvua. Si rahisi zaidi?

Si rahisi hata kidogo. Goli la ligi ya Arena lilikuwa na upana wa mita 2.74, chini ya nusu ya lile la chuo, na mtambaa panya wake ulikuwa mita 4.57 juu. Jaribu kuliona: mpira lazima upande haraka kuliko alivyozoea, na upite mlango wa nusu. Teke ambalo chuoni lingepita karibu mita moja na nusu ndani ya nguzo, hapa linagonga nguzo. Mpigaji mzuri aliyetoka chuoni hushtuka kuona asilimia yake ikiporomoka, na pointi ya nyongeza, ambayo chuoni ni karibu bure, inakuwa kazi ya kweli.

Faida ipo, na ni ya muda mrefu: aliyezoea mlango ule, akirudi nje, goli linaonekana pana mno.

Nyavu kubwa pembeni ya goli ni za nini?

Ni za kuurudisha mpira uwanjani. Kila upande wa goli kulikuwa na wavu wa takriban mita 9 kwa karibu 10, na teke lililokosa likigonga wavu mchezo uliendelea. Mpinzani angeweza kuudaka mpira uliorudi na kukimbia nao. Nyavu hizo zilikuwa chini ya hataza ya ligi ya Arena, ndiyo sababu ligi nyingine za ndani zilicheza bila hizo.

Ni kweli kuna teke la pointi 4?

Kweli. Katika ligi ya Arena, mchezaji akiudondosha mpira mwenyewe na kuupiga ukiwa unadunda, goli lilikuwa pointi 4 badala ya 3, na la nyongeza 2 badala ya 1. Kwenye Indoor Football League, ligi nyingine ya ndani, teke la kuanzisha mchezo likipita katikati ya nguzo huleta pointi 2. Kwa hiyo mpigaji anaweza kufunga hata kabla wapinzani hawajaugusa mpira.

Analipwa kiasi gani?

Si cha kujengea nyumba. Ligi za ndani kwa kawaida hulipa kwa mechi, dola mia chache, mara nyingi na malazi wakati wa msimu. Wachezaji wengi wana kazi nyingine. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mchezaji mpya wa NFL mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000, ila nafasi za mpigaji ni 32 nchi nzima. Achukue uwanja wa ndani kama mahali pa kuuweka mguu hai na kupata video za mechi halisi zenye presha. Anayeuchukua kama ajira ataumia.

Kuna waliotoka uwanja wa ndani wakafika NFL?

Wapo, na kwa wapigaji njia hii imezaa kuliko watu wanavyodhani. Mike Vanderjagt, Mkanada aliyesoma West Virginia, alipitia Minnesota Fighting Pike ya ligi ya Arena mwaka 1996. Mwaka 2003, akiwa na Indianapolis Colts, hakukosa teke lolote la msimu wa kawaida: magoli 37 kwa 37, nyongeza 46 kwa 46. Jay Feely wa Michigan alipitia huko huko kabla ya Atlanta Falcons mwaka 2001.

Ninayempenda zaidi ni Rob Bironas. Alimaliza chuo Georgia Southern, drafti haikumtaka, akazunguka majaribio na viwanja vya ndani, Carolina Cobras na New York Dragons, mpaka Tennessee Titans walipomchukua 2005. Tarehe 21 Oktoba 2007, dhidi ya Houston Texans, alifunga magoli 8 ya teke katika mechi moja, rekodi ya NFL, la mwisho saa ikiisha, na Titans wakashinda 38–36. Miaka minne ya kusubiri ilikuwa nyuma yake. Alifariki 2014.

Ligi hizi bado zipo?

Hapa pana mchanga laini. Ligi ya Arena ilifuta msimu wa 2009, ikarudi 2010, ikafilisika 2019, na jaribio la kuifufua 2024 liliyumba msimu ukiwa katikati. Indoor Football League, iliyoanza kucheza 2009, imedumu. Kabla ya kusaini, uliza timu imecheza misimu mingapi mfululizo na nani analipa matibabu.

## Maswali ya pembeni

Wanawake wanacheza nafasi hii?

Ndiyo. Liz Heaston wa Willamette alifunga pointi za nyongeza tarehe 18 Oktoba 1997, mwanamke wa kwanza kufunga katika futiboli ya chuo. Katie Hnida wa New Mexico alifunga katika ngazi ya juu ya chuo mwaka 2003, na baadaye akacheza ndani na Fort Wayne FireHawks. Sarah Fuller, kipa wa soka wa Vanderbilt, aliitwa Novemba 2020 wakati timu imekosa wapigaji, na Desemba akafunga pointi za nyongeza dhidi ya Tennessee.

Teke fupi lisilofika golini linakufa?

Halifi mpaka litoke nje au liguse chini na kutulia. Tarehe 30 Novemba 2013, Alabama na Auburn wakiwa 28–28 na sekunde moja imebaki, Alabama walijaribu teke la yadi 57. Lilipungukiwa. Chris Davis wa Auburn alilidakia karibu na mstari wa mwisho kabisa na kukimbia uwanja mzima: 34–28. Kikosi cha kupiga teke kimejaa watu wakubwa wa kuzuia, si wakimbiaji, na ndiyo maana hakuna aliyemkamata.

Je, mpigaji anaweza kugongwa?

Akishapiga, analindwa. Kumgusa kwa bahati mbaya ni adhabu ya yadi 5, kumgonga vibaya ni 15. Mpinzani akifanikiwa kuugusa mpira kwanza, kinga hiyo huondoka.

Mbona wapinzani huomba mapumziko sekunde ya mwisho kabla ya teke?

Wanataka akae na mawazo yake. Wapigaji wengi huitumia nafasi hiyo kupiga teke la bure la kupima, kisha wanarudi kwenye hatua zao zile zile: tatu nyuma, mbili pembeni.

Anaweza kucheza hadi umri gani?

Vinatieri alicheza akiwa na miaka 46, na George Blanda alifika 48 mwaka 1975. Kinachowaondoa wengi ni kinena na nyonga, hasa za mguu wa kupigia, na mgongo. Kijana wa miaka 16 anayepiga mateke mia kwa siku kwa sababu ana hamu anajifupishia muda huo. Wapigaji wa chuo huhesabu mateke yao ya wiki na kocha huyapunguza mechi inapokaribia.